Kununua ranchi nyuma ya Pwani ya Kenya: anza na maji, malizia na hati

Dalali mwerevu hakupeleki kuona ranchi mwezi wa Machi. Hukungoja hadi Mei, masika yakishashika, nyika yote kuanzia Mariakani hadi Voi imevaa kijani na kila shimo limejaa maji. Niliwahi kuonyeshwa kipande upande wa Kinango majira hayo, nikakipenda hadi nikaanza kuhesabu ng'ombe ambao sijawanunua. Niliporudi Septemba, lile lambo nililopigia picha lilikuwa tope lililokauka na kupasuka, na katikati yake nyayo za punda. Ekari zilikuwa zile zile, na bei ilikuwa ile ile.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua ardhi ya kufugia katika ranchi za Pwani: Kwale, Kilifi, Tana River, Taita Taveta na sehemu ya Lamu. Anayetafuta kiwanja cha ufukweni hatapata mengi hapa, ila asome ile sehemu ya hati, maana kesi iliyotikisa wanunuzi wote ilianzia ufukweni.

Ijue nyika kabla ya kujua bei

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, minazi hukusindikiza hadi karibu na Mazeras, kisha hukuaga. Mbele ya Mariakani unaingia nyika: migunga, mibuyu, vichaka vya miiba na udongo mwekundu. Ufukweni mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Voi hupata kama nusu ya hiyo, na haiji kwa ratiba. Karibu na bahari wafugaji hutegemea zaidi masika ya Aprili hadi Juni. Kadiri unavyoingia bara, upande wa Voi na Kasigau, vuli ya Novemba na Desemba ndiyo huamua kama mwaka utapita salama. Usipange kalenda ya ranchi ya Taita kwa mvua za Kilifi.

Historia nayo imegawa ardhi hii vipande viwili. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ukakabidhiwa Waingereza wausimamie kwa mkataba wa 1895, kisha sheria ya hati za ardhi ya 1908 ikawataka wenye madai wayaandikishe. Wasioandikisha walijikuta maskwota kwenye ardhi ya babu zao, na kilio hicho kinasikika hadi leo. Ranchi nyingi ziko nyuma ya ukanda huo, katika ardhi iliyokuwa ya Serikali ya kikoloni au iliyotengewa wenyeji. Baada ya Uhuru sehemu kubwa iligawiwa kwa ranchi za makundi, kampuni za wanahisa na mashirika ya umma. Kubwa kuliko zote, Galana Kulalu, ni ya serikali kupitia Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, na ina karibu ekari milioni 1.75. Mtu akikuuzia "kipande cha Galana" kwenye mkahawa Malindi, kunywa chai yako uondoke.

Biashara ya asili ya ranchi hizi si kuzalisha ndama. Wenye ranchi walinunua maksai wembamba kutoka kaskazini, wakawanenepesha miezi kadhaa, kisha wakawauza Mombasa, ambako kuna walaji wengi na bandari. Soko la mifugo la Mariakani lingali mahali pa kujifunzia bei kabla hujalipa hata shilingi. Kaa siku mbili au tatu za mnada, usikilize maksai wa kilo 300 anauzwaje wakati wa mvua na anauzwaje wakati wa ukame. Ranchi ambayo hesabu yake haifungi kwa bei ya Mariakani haitafunga kwa ndoto za kuuza nyama Dubai.

Hatua ya kwanza: nenda wakati wa kiu

Chagua mwisho wa Septemba, au kuanzia Februari hadi masika yaanze, kaskazi likivuma na jua likichoma. Nenda na gari, kisha liache langoni utembee. Maswali ya maji yako matatu.

La kwanza, maji yako wapi leo hii? Usiulize yalikuwa wapi. Muulize mchungaji, usimuulize muuzaji. "Shikamoo mzee, ng'ombe wako wanakunywa wapi mwezi huu?" Akikuonyesha mahali palipo kilomita 12 nje ya mpaka, umeshapata jibu ambalo hakuna karatasi ingekupa.

La pili, lambo lina kina gani? Hapa wengi hukosea. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 40 kwa siku ya joto. Ng'ombe 200 ni lita 8,000. Sasa angalia jua: katika nyika hii hukausha milimita 5 au 6 za maji kila siku. Lambo lenye upana wa ekari moja hupoteza zaidi ya lita 20,000 kwa siku, yaani jua hunywa mara mbili na nusu ya kundi zima. Kwa hiyo lambo pana lisilo na kina ni mapambo. Tafuta lenye kina cha mita 4 au zaidi, lenye ukuta mzima na mtego wa mchanga mahali maji yanapoingilia, kisha uulize lilisafishwa lini mara ya mwisho.

La tatu, chini kuna nini? Sehemu kubwa ya ukanda wa Taru na Kinango ina maji ya chumvi ardhini. Kuchimba kisima bila mtaalamu wa maji ya ardhini ni kamari, na kisima kikubwa kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kama kisima kipo tayari, chota chupa mbili upeleke kupimwa. Ng'ombe huvumilia chumvi kuliko binadamu, lakini una wachungaji pia, na hao hawatakaa mahali chai inaponuka magadi.

Hatua ya pili: hesabu majani, acha ekari

Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 na robo za majani makavu kwa siku, karibu kilo 2,300 kwa mwaka. Ikiwa ekari moja hutoa kilo 400 katika mwaka wa wastani, unaruhusiwa kumlisha nusu tu; nusu nyingine ndiyo mbegu, kivuli cha udongo na akiba. Kwa hiyo kila ng'ombe anahitaji ekari 11 hadi 12. Ekari 1,000 zitabeba ng'ombe 85 hivi. Mwaka wa ukame kata idadi hiyo nusu, au uuze mapema.

Kisha toa vichaka. Ranchi nyingi zilizolishwa kupita kiasi zimefungwa na miiba ambayo hata mbuzi huikwepa. Upande wa Tana kuna mathenge, mti uliopandwa kuzuia jangwa ukageuka kuwa jangwa lenye majani. Ukishaota karibu na maji, kuung'oa hugharimu kuliko ulivyonunua ardhi. Kama robo ya ranchi ni kichaka kisichopitika, lipia robo tatu. Muuzaji atakasirika, na hilo ni sawa.

Magonjwa yana ramani yake pia. Karibu na misitu ya Shimba Hills, bonde la Tana na misitu ya Lamu kuna mbung'o, na mbung'o huleta nagana, malale ya mifugo. Ng'ombe aina ya Boran wa Waorma, wafugaji wa Tana, huvumilia nagana kuliko Boran wa nyanda za juu; jambo hilo lilithibitishwa kwa utafiti uliofanywa hapo hapo Galana miaka ya 1980. Nyati wakiingia, hubeba kupe wa ndigana. Mvua kubwa isiyo ya kawaida huleta hofu ya homa ya Bonde la Ufa, kama ile ya mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007 iliyofika hadi Tana River na Kilifi. Karantini ikitangazwa, maksai wako walionona watakaa pale pale wakila hadi ifunguliwe. Kwa ajili ya kupe, angalia josho, bwawa la kuogeshea ng'ombe: lipo, lina ufa, lina maji?

Hatua ya tatu: nani anapita hapa?

Kwenye ramani ranchi ni mstatili mtupu. Ukiitembelea, utakuta njia.

Bonde la Tana lina malka, njia za mifugo kushuka mtoni. Waorma na Wawardei wamezitumia vizazi kwa vizazi, na Wapokomo wanalima kando ya mto. Kuziba malka kwa waya ni kununua ugomvi, na ugomvi wa huko si wa maneno tu: mapigano ya Tana Delta yaliyoanza Agosti 2012 yaliua zaidi ya watu 100. Mnunuzi mwenye akili huuliza malka ziko ngapi, huzichora kwenye ramani yake, na huziacha wazi kwa makubaliano ya maandishi mbele ya wazee na chifu.

Taita Taveta kuna ndovu. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti, na ranchi ziko katikati ya Tsavo Mashariki na Magharibi kama daraja. Ndovu hawasomi hati miliki. Watakunywa lambo lako usiku mmoja na kuangusha mabomba. Lakini ndovu hao hao ni mapato: ranchi za Lualenyi, Mramba na Oza ziliungana kuwa hifadhi ya jamii ya LUMO, na ranchi za ukanda wa Kasigau, Rukinga ikiwemo, zilianza kuuza hewa ukaa 2011, yaani hulipwa kwa kuacha miti isimame. Sasa swali lako kwa muuzaji ni hili: haki za kaboni za ardhi hii zimeshaingizwa kwenye mkataba na nani, kwa miaka mingapi? Unaweza kununua udongo ukakuta miti yake ina mwenyewe. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya kaboni ya ardhini kwenye ardhi ya umma na ya jamii, kwa hiyo soma mkataba wowote uliopo neno kwa neno.

Halafu wapo waliolala ndani. Tembea asubuhi na mapema, uhesabu moshi. Kila moshi ni familia, na familia iliyokaa miaka 12 mfululizo, kwa uwazi na bila ruhusa ya mwenye ardhi, inaweza kwenda mahakamani kudai ardhi binafsi iwe yake. Kuiondoa kwa nguvu ni kosa. Sheria inataka notisi ya miezi mitatu. Mimi singenunua ranchi yenye maskwota kwa ahadi ya muuzaji kwamba "tutawatoa". Wakubaliane kwanza, wakatiwe sehemu yao, ipimwe, ndipo unilipishe kilichobaki. Uliza pia kuhusu makaburi, kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) na mapango ya mafuvu ya Wataita. Mahali hapo hapauzwi hata pakiwa ndani ya mpaka.

Ukanda wa Lamu ulio karibu na msitu wa Boni una swali la usalama juu ya haya yote. Zungumza na wanaoishi huko, usizungumze na wanaouza huko.

Hatua ya nne: hii ni ardhi ya aina gani?

Katiba ya 2010 imegawa ardhi mara tatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Njia ya kununua inategemea jibu la swali hilo, na Pwani jibu halionekani kwa macho.

Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 haiuzwi bila kura ya angalau theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Kwa hiyo wazee watano wenye mhuri wa ranchi ya kundi hawatoshi, hata wakiwa na picha na mbunge. Omba rejista ya wanachama na muhtasari wa mkutano, halafu utafute wanachama wawili ambao hukuletewa uwaulize kama walikuwepo.

Ranchi ya kampuni ni mtego wa aina nyingine. Hapo huuziwi ardhi bali hisa, na mwenye hisa hana ekari yake anayoweza kuinyooshea kidole. Kuna watu wameuziwa "ekari 50" ndani ya ranchi ya wanahisa, wakapewa risiti nzuri yenye rangi, na hadi leo ardhi ni ya kampuni. Kumbuka pia kwamba hisa za kampuni binafsi yenye ardhi ya kilimo zinahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, inayopitisha mauzo ya ardhi ya kilimo, kama ardhi yenyewe.

Ardhi ya kukodi kutoka serikalini iangaliwe tarehe. Miaka ikibaki michache, unanunua foleni ya kuomba upya. Sheria inampa mwenye kodi iliyokwisha nafasi ya kwanza ya kuongezewa kama ni raia wa Kenya, lakini nafasi ya kwanza si hati. Asiye raia hawezi kupata zaidi ya kodi ya miaka 99, na kampuni huhesabiwa ya raia pale tu hisa zote zinapokuwa za raia. Ndugu zetu walio Muscat au Toronto waliochukua uraia wa huko na kuacha wa Kenya walifikirie hili kabla ya kutuma pesa kwa shemeji.

Hatua ya tano: upekuzi, hadi kwenye mzizi

Wengi hufanya "sachi" ya ofisi ya ardhi, wakaona jina linalingana, wakalipa. Hiyo ilitosha zamani. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali. Mnunuzi alikuwa na hati. Mahakama ikasema kwa kuwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria mwanzoni kabisa, hati iliyozaliwa hapo haiwezi kumlinda hata aliyenunua kwa nia njema. Mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ikasema barua ya ugawaji peke yake si umiliki.

Kwa mnunuzi wa ranchi maana yake ni kurudi nyuma hadi mzizi. Nani alipewa kwanza, mwaka gani, na nani alikuwa na mamlaka ya kumpa? Ardhi ilikuwa imetengwa kwa ajili gani? Lamu ilitoa somo hilo kwa ukubwa: Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru zifutwe hati za kampuni 22 zilizokuwa zimejichukulia takriban ekari 500,000, wakati tamaa ya LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na barabara, ikipanda. Hati zilikuwepo, na mihuri ilikuwepo.

Wakili wako akusanye faili zima la ofisi ya ardhi, ramani kutoka idara ya upimaji, na historia ya uhamisho wote. Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, ulianza 2021 Nairobi; usidhani faili la ranchi yako limo humo, na hata likiwemo, nenda uone karatasi. Angalia mazuio, mikopo ya benki, kesi mahakamani na madai yaliyowasilishwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Kama mwenye ardhi amefariki, dai uthibitisho wa mirathi kutoka mahakamani. Mtoto mkubwa si msimamizi kwa sababu tu ni mkubwa. Kama muuzaji ana mke au mume, idhini yake iandikwe.

Mpima ardhi mwenye leseni afufue bikoni zote, yaani alama za mipaka, ukiwepo. Ranchi za nyika zina mipaka mirefu, na makosa ya mita 200 kwa kilomita 6 ni zaidi ya ekari 290. Pima kabla ya kukubaliana bei. Mpimaji huyo huyo akuonyeshe reli, nyaya za umeme mkubwa, bomba la mafuta na bomba la maji, maana ukanda wa Mombasa hadi Voi umepitiwa na vyote hivyo na kila kimoja kina haki yake ya kupita.

Hatua ya sita: mkataba, bodi, malipo

Hapa nitapita haraka, wakili atakueleza mengine. Kwa desturi hulipwa asilimia 10 wakati wa kutia saini, na kukamilisha huwekwa siku 90. Pesa ikae kwenye akaunti ya mawakili, isiende mfukoni mwa muuzaji. Ombi la idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi lazima lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila idhini hiyo mauzo ya ardhi ya kilimo ni batili. Nenda mwenyewe siku ya kikao. Bodi huuliza maswali, na majirani huja kusikiliza, na mara nyingine hapo ndipo utasikia kwa mara ya kwanza kwamba kaka wa muuzaji hakubali.

Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani, 4 kwa ya mjini. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ni ya muuzaji. Iandikwe wazi, kwa sababu wauzaji wengi hujaribu kuisukuma kwako dakika ya mwisho. Hakikisha ada za ardhi za serikali na za kaunti zimelipwa.

Hatua ambayo wengi huiruka: kukodi malisho kwanza

Kama muuzaji hana haraka, omba kukodi malisho msimu mmoja, masika hadi kiangazi, mkataba ukisema una haki ya kununua kwa bei mliyokubaliana. Lete maksai 30, usilete 300. Utajua lambo linakauka mwezi gani, wachungaji wa nje huja lini na wanaongozwa na nani, ndovu hupita njia ipi, na wizi wa ng'ombe hutoka upande upi. Muuzaji anayekataa kabisa pendekezo hilo, nami hujiuliza anaogopa nione nini.

Ukishanunua, usianze na waya. Anza na kusafisha lambo kabla ya mvua, kukarabati josho, na kumwajiri mchungaji mmoja aliyekuwa akichunga hapo kabla yako. Anajua mahali nyoka hulala na mahali majani ya akiba hubaki. Kisha ita majirani, chinja mbuzi, mkae chini ya mbuyu mkubaliane njia za mifugo ziende wapi, siku zipi wanaweza kunywesha kwako, na nani apigiwe simu ng'ombe wakivuka. Andika, wote waweke vidole, nakala moja iende kwa chifu. Waya uje mwaka wa pili, nao upite pale mlipokubaliana.